Zulmira, Mpiga Fataki wa Pango la Zoada

Wifi yangu Zulmira alizaliwa kimya. Mkunga alimpiga mgongoni, akamtia kwenye beseni la maji ya moto kisha la maji baridi, akampulizia puani, mtoto wapi, kakunja ngumi zake na midomo imeiva rangi ya zambarau. Baba yake, Mzee Norato, alikuwa fundi wa fataki wa bonde letu lote. Alitoka nje na uchungu wake, akachukua fataki moja iliyokuwa ikikauka juu ya tanuri la unga wa muhogo, akaiwasha pale pale uani. Mlio ulitikisa vigae vya paa. Ndani, mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akaangua kilio. Hajanyamaza hadi leo, na mimi niliyeolewa na kaka yake Deusdete ni shahidi.

Siku hiyo hiyo Norato alipiga magoti akaweka nadhiri. Kila mwaka mwezi wa nane, Yesu Mwema, sanamu tunayoiita Mtakatifu wetu, anapobebwa kutoka kanisa letu la Buritizal kwenda kuingizwa katika Pango la Zoada, mtoto huyu atampigia fataki tatu mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, mpaka mkono utakaposhindwa kuinuka. Kwetu nadhiri haichezewi. Mtu akifa na nadhiri ya nyumba yake ikaachwa bila kulipwa, roho yake inabaki nje ya mlango, haiingii wala hairudi. Hilo hata walevi wetu wanalijua.

Mwanzoni Norato alikuwa akimshika binti yake kiganja, wanawasha pamoja. Alipoota meno ya pili akaachiwa peke yake, na mwaka huo huo fataki ikamlamba uso, ikaondoka na nyusi ya kushoto. Haikuota tena. Zulmira hajawahi kuichora kwa mkaa kama ambavyo wenzake wangefanya. Wakati wa uchumba mama wa kijana mmoja alisema mchumba hana nyusi. Zulmira akamjibu, "Na mwanao hana ng'ombe. Nani kati yetu amepungukiwa zaidi?" Posa ikafia hapo.

Aliolewa na Abilio, mchunga ng'ombe mpole aliyezungumza kwa kichwa, akikubali au akikataa, kwa sababu nafasi ya maneno ilikuwa imeshachukuliwa. Walipendana sana, sitaki mtu anidanganye vinginevyo. Alipofariki, Zulmira alilia wiki nzima, kisha akafua nguo zake zote nyeusi, akazianika, akarudi kukamua muhogo. Binti zake wako Brasilia na kila Krismasi wanamwambia ahamie kwao, kuna lifti, kuna daktari chini ya jengo. Anawaambia, "Lifti ya kunipeleka wapi? Mimi ninakotaka kwenda ni chini."

Chini maana yake pangoni. Mlima wetu wa chokaa umetobolewa na mto, na mto ukiingia unanguruma hadi kikombe kinatetemeka mezani. Serikali ilipolifanya pango na nyika inayolizunguka kuwa hifadhi, sisi tuliokuwa tunaishi ndani ya mipaka tuliambiwa tuhame tuvuke kijito. Watu walilia. Zulmira alibomoa tanuri lake tofali kwa tofali, akalijenga ng'ambo likawa kubwa kuliko la kwanza, akaanza kuwapikia wageni wanaokuja kutazama pango. "Wametuhamisha, basi na watununulie chakula," alisema. Na wakanunua.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Ivo. Huyu ni msimamizi mpya wa hifadhi, kijana mrefu kutoka kusini kabisa kwenye baridi, mwenye nywele za rangi ya nyasi kavu na sauti ya mtu anayeungama. Alifika wakati wa mvua, matunda ya pequi yanapoanguka, akaketi mezani kwa Zulmira, akatiliwa wali wenye pequi. Tunda hilo unaliguguna kwa meno ya mbele, pole pole, kwa sababu chini ya nyama yake kuna miiba midogo isiyohesabika. Ivo akaling'ata kama tufaha.

"Jovina, leta kibanio cha nyusi!" Zulmira aliniita. Nikamwuliza chake kiko wapi. "Ninacho mimi? Mwenye nyusi mbili ni wewe!"

Alimweka Ivo juani kichwa nyuma, mdomo wazi, akamng'oa miiba ulimini mmoja mmoja mchana kutwa, huku akimsimulia habari za kijiji kizima, na yule maskini hakuweza hata kuuliza swali. Tangu hapo alikuwa akija kula kila Jumapili. Ni mtu mwema, nasema kabla sijafika kwenye ubaya wake.

Ubaya wake aliutoa baada ya Pasaka, kwenye mkutano uani mwa kanisa. Alisimama akasema jambo. Waliokuwa benchi la kwanza wakaguna, waliokuwa la tatu wakauliza, "Kasemaje?" Ikabidi Tiburcio, askari wa hifadhi, mtoto wa hapa hapa, atangaze upya kwa sauti yake: sikukuu ya mwezi wa nane itaendelea pangoni kama kawaida, mishumaa itawekwa kwenye mchanga nje, ila fataki mlangoni basi. Kasuku wakubwa wekundu huatamia kwenye matundu ya jabali lile lile, na mlio ukiwarusha mayai yanapoa. Moshi nao unaingia ndani na kuyapaka mawe masizi.

Watu wote tukamgeukia Zulmira. Alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo wake, maana haendi mkutanoni mikono mitupu. Akasema tu, "Mwezi wa nane bado uko mbali, Bwana Ivo. Jumapili kuna kuku."

Njiani nikamwuliza, "Wifi, umeshindwa?"

"Mimi? Nani kakuambia?"

"Mbona hukupiga kelele?"

"Kelele ni za kumpigia mtu baki. Huyu nitamfanya ndugu."

Nikaelewa, na nikaogopa kidogo. Kwetu kuna undugu wa kuzaliwa, wa kuoana, na wa moto. Mkesha wa Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, kila nyumba huwasha moto wake uani. Wawili wanaotaka kufungamana huuzunguka mara tatu, hushikana mikono juu ya makaa, husema kwamba mbele ya Yohana na Petro wamekuwa ndugu, kisha hukumbatiana. Kuanzia hapo mwanamume ni kompadre, mwanamke ni komadre, mpaka kaburini. Hawagombani, hawaoani, na mmoja akiomba jambo, mwenzake hasemi hapana. Anayesema hapana, hata mbwa wake mwenyewe hamfuati tena.

"Utamfunga mgeni kwa kamba asiyoijua?" nikamwuliza.

"Ataijua ikishakaza."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, wifi."

"Wewe nawe na methali zako. Menya mahindi."

Mkesha ulipofika, Ivo alikuja na shati la miraba alilonunua mjini makusudi na kofia ya majani mpya kabisa. Alikula viazi vya kuchoma, akanywa kidogo pombe ya tangawizi, akacheka tulivyocheza ngoma. Jua lilipokwisha kuzama Zulmira akamshika mkono mbele ya watu wote. "Njoo, Bwana Ivo, tuzunguke moto. Ni mila yetu." Uso wa yule kijana uling'aa, nasema kweli. Mtu ambaye tangu afike, ukitoa Jumapili, anakula peke yake jikoni mwa ofisi, leo anashikwa mkono. Alizunguka, akashika mikono juu ya makaa, akarudia maneno, na walipokumbatiana nilimwona macho yamelowa. Nikamkasirikia Zulmira papo hapo. Yeye akanikonyeza kwa jicho lisilo na nyusi.

Asubuhi alivaa gauni la kanisani, akafunga jibini na bonge la sukari guru kwenye kitambaa, akanivuta nimsindikize. "Leo utaona mtu akishindwa kuninyima," alisema. Alitembea kifua mbele hadi ofisi ya hifadhi.

Sasa, kwetu haja haisemwi kabla kikombe cha kahawa hakijaisha. Unauliza ng'ombe, unauliza magoti ya wazee, unaisifu kahawa hata kama ni maji ya kuoshea sufuria. Ukishaweka kikombe chini kitupu ndipo unakohoa na kusema, "Basi, kilichonileta." Anayetangulia kusema haja kavamia nyumba. Watoto wetu wanalijua hili kabla ya kujua kujifunga vifungo.

"Habari za asubuhi, kompadre," alisema Zulmira akiketi.

"Nzuri, komadre!" Ivo alilitamka neno kama mtu aliyevaa viatu vipya. Akatumiminia kahawa.

"Na mama yako huko kusini, hajambo?"

"Hajambo. Komadre, nimefurahi umekuja, maana nilikuwa nakuja kwako. Tiburcio amenieleza jana usiku kwamba kompadre akiomba jambo hanyimwi. Mimi sikujua. Na kuna jambo moja linanikosesha usingizi, sikuwa na uso wa kukuomba ukiwa Bi Zulmira tu. Nakuomba kama ndugu. Mwaka huu, fataki zisilie mlangoni."

Kikombe cha Zulmira kilikuwa bado kimejaa. Hakikuwa kimefika hata mdomoni.

Yule kijana hakuwa na hila. Hila ingekuwa rahisi, ungeitukana. Alikuwa tu hana adabu ya kahawa, kama vile hakuwa na adabu ya pequi, akang'ata moja kwa moja hadi kwenye miiba. Zulmira alinitazama. Katika miaka yote ya kuishi naye ukuta kwa ukuta, sikuwa nimewahi kumwona akitafuta neno akalikosa.

"Sawa, kompadre," akasema mwishowe. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo. "Kahawa nzuri."

Njia nzima ya kurudi mimi ndiye niliyezungumza. Nilitamani kumwambia, 'Nilikuambia,' na kwa kuwa mimi si malaika, nilimwambia. Alipofika uani aliketi kando ya tanuri na gauni lake la kanisani, akaanza kulia bila sauti. Nikaketi karibu naye.

"Baba atabaki nje ya mlango, Jovina," alisema. "Mimi ndiye nitakayemfungia."

Deusdete akajitia mwanamume. "Piga tu! Nani atakushika? Kompadre gani yule, hata pequi hajui kula!"

"Umwombe radhi yule mtu," Zulmira akamwambia, bado machozi yanatiririka. "Nilimshika mkono juu ya moto. Sikumshika mkono wa bandia."

Siku zilizofuata alikaanga unga mwingi kuliko tunaoweza kuuza. Akifikiri, Zulmira hukaanga. Nilisikia koleo lake likikwangua tanuri alfajiri na jioni, na nikajua kwamba hajashindwa, kwa sababu aliyeshindwa hulala. Mara moja nilimkuta akibishana na marehemu baba yake kwa sauti, akimwambia, "Subiri kwanza, mzee, usinifokee." Kisha Ijumaa moja koleo likanyamaza. Akaja mlangoni kwangu na unga nyweleni.

"Komadre akifa, nani analea watoto wake?"

"Kompadre."

"Akiugua, nani analima shamba lake?"

"Kompadre. Wifi, unataka kusema nini?"

"Basi nadhiri nayo, kompadre ana mabega ya kuibebea."

Tulirudi ofisini. Safari hii yeye ndiye hakungoja kahawa. Alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kompadre, uliomba, nikatoa. Sasa zamu yangu. Nadhiri ya baba yangu haiwezi kuanguka chini. Nimeitua, wewe uibebe."

Ivo akasimama. Akasema atafanya chochote, atanunua mishumaa, atalipia misa.

"Sitaki mfuko wako. Baba alitaka Mtakatifu apigiwe mlangoni mara tatu, mbingu isikie. Fataki umezichukua, basi utapiga kwa koo lako. 'Aishi Yesu Mwema!' Mara tatu, mbele ya watu, kwa niaba ya Norato."

Rangi ikamtoka. Mtu yule husema samahani hata kwa kiti akikigonga. "Komadre, mimi… watu ni wengi. Naweza kutumia spika?"

"Baba yangu hakuzoea spika."

"Sauti yangu haifiki."

"Kompadre," nikamsikia Zulmira akisema, na hapo hakuwa akitania hata kidogo, "isipofika, mzee wangu analala nje. Nakuomba."

Ivo akaitikia kwa kichwa, sawasawa na marehemu Abilio, na mimi ikabidi nitazame dirishani.

Nilimsikia akifanya mazoezi nyuma ya ofisi, akidhani hakuna mtu. Ng'ombe wa Tiburcio hawakuinua hata vichwa. Zulmira alimpelekea asali na ndimu kila jioni, akamfundisha asimame miguu wazi, apige kelele kwa tumbo wala si kwa pua. "Hujawahi kumkaripia mtu maishani mwako?" alimwuliza. Alisema hapana. "Hata mbu?" Hata mbu.

Siku ya sikukuu mahujaji walikuja kutoka bonde zima, kwa malori, kwa farasi, wengine wakitembea kwa magoti hadi yakavuja damu. Ngoma zilitangulia, kisha wanawake na nyimbo, kisha Yesu Mwema msalabani juu ya machela yake, mabegani mwa wanaume wanane, Deusdete wangu akiwa mmoja wao. Vumbi jekundu lilitukaa hadi kwenye meno. Mlango wa pango ni mpana hata kanisa letu lingeingia bila kuinama, isipokuwa upande wa kulia penye njia ya kwenda madhabahuni, ambapo jabali limeshuka chini.

Ivo alikuwa amekwisha kusimama mahali pa Zulmira, juu ya jiwe tambarare, peku, kofia kifuani. Zulmira alisimama kando yake chini, mikono mitupu ikining'inia. Tangu akiwa mtoto sikumbuki siku hiyo kumwona bila kijinga cha moto mkononi. Ngoma zikakoma. Watu wakaangalia juu kwa mazoea, wakingoja moshi.

"Aishi Yesu Mwema," akasema Ivo.

Ilitoka kama kifaranga kilichokanyagwa. Nyuma kule vijana wakaangua kicheko, mtu akapiga mbinja, mwingine akauliza kwa sauti kama fataki zimelowa maji. Masikio ya Ivo yalikuwa mekundu kama kasuku wa juu yake.

Zulmira hakugeuka kuwatazama waliocheka. "Kompadre," alisema, "mzee alikuwa mzito wa kusikia. Baruti zile miaka yote. Mwite."

Ivo akafumba macho, akapanua miguu. "Aishi Yesu Mwema!" Hii ilifika. Kicheko kikakatika katikati. Bibi mmoja karibu yangu akajibu peke yake, "Aishi!"

Ya tatu sijui aliitoa wapi. Nadhani aliitoa kwao, kwenye milima ile ya baridi, kwa mama yake, kwa jioni zote alizokula peke yake. Ilimkunja mwili. Ilipita juu ya vichwa vyetu ikaingia pangoni, na pango likaichukua, likaizungusha kwenye kuta zake za chokaa na kuirudisha kwetu na mngurumo wa mto ndani yake, nene, mara mbili, mara tatu. Watu wote wale wakaitikia kwa pamoja hadi nikahisi kifuani. Juu ya jabali kasuku mmoja alitoa kichwa tunduni, akatutazama kwa jicho moja, akarudi kwenye mayai yake.

Ngoma zikaanza tena, machela ikasogea. Nikamtafuta Zulmira nimpongeze, au nimchokoze, sikuwa nimeamua. Alikuwa amesimama pale pale, hatazami mbinguni wala hamtazami Ivo aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akitetemeka. Alikuwa anatazama machela. Wabebaji walifika penye jabali lililoshuka, wakakunja magoti wote wanane, wakaiinamisha mbele kama wafanyavyo kila mwaka, na Yesu Mwema akainamisha kichwa chake chenye miiba, taratibu, akapita chini ya jiwe, akaingia kwake.

Zulmira alinishika mkono, akaubana hadi ukauma.

"Anainama," alisema.

"Siku zote anainama, wifi. Jiwe liko chini."

"Sikujua."

Nikataka kucheka. Hakuna mtoto wa Buritizal asiyejua kwamba Mtakatifu huinama anapoingia, wanaliigiza hata kwenye michezo yao. Kisha nikakumbuka mpiga fataki husimama wapi. Husimama akiyapa maandamano mgongo, uso juu, moshi machoni, akihesabu mlio mpaka wa tatu uishe, na anapogeuka Mtakatifu amekwisha kuwa ndani.

"Kila mwaka nilimfungulia mlango," alisema Zulmira. "Sijawahi kumwona akiingia."

Alikuwa analia na kucheka, na uso wake mzima, palipo na nyusi na pasipo, ulikuwa uso wa msichana. Akamwendea Ivo, akamwinua kwa kwapa kama mgonjwa, akamfuta vumbi usoni kwa pindo la gauni lake la kanisani. "Amesikia, kompadre," akamwambia. "Twende ndani. Tusimwache mzee aingie peke yake."